Pumzi ya Kuingia

Mpwa wangu alikuwa akikunja nguo sebuleni huku muziki ukicheza kwa sauti ya wastani. Ulikuwa "Isn't She Lovely", wimbo ambao Stevie Wonder aliutoa mwaka 1976 katika albamu yake ya Songs in the Key of Life, akimfurahia bintiye Aisha aliyezaliwa mwaka uliotangulia. (Aisha: jina ambalo hakuna mtaa wa pwani yetu usio na wake.) Ubeti wa mwisho ulikwisha, harmonika, kile kinanda kidogo cha kupuliza kwa kinywa ambacho Stevie hukipiga mwenyewe, ikashika nafasi ya mwimbaji, ikaendelea, ikazunguka na kuendelea tena, na maneno hayakurejea. Binti akainua kichwa.

"Mjomba, kwani huyu amechoka kuimba?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na wimbo ulikuwa bado haujaisha.

Wimbo huo unazidi dakika sita, na Stevie alikataa ufupishwe ili utolewe kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake nje ya albamu. Jambo hilo ndilo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa zilizofuata. Mtu mwenye sauti ile, ambayo waimbaji wa vizazi viwili wamejaribu kuiiga, aliona ni heri wimbo ukose soko la singo kuliko kukatwa, ilhali sehemu ndefu ambayo mkasi ungeipitia kwanza ni ile ambayo yeye mwenyewe haimbi.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunajua vyema maana ya maneno kukoma. Sebene linapoingia, waimbaji husogea kando au hushuka kucheza, na gitaa la solo huchukua uwanja. Katika taarabu mwimbaji humaliza ubeti wake akanyamaza, fidla na akodiani vikamjibu. Hata hivyo, kote huko kazi hukabidhiwa mtu mwingine. Mwimbaji anayepiga harmonika hamkabidhi mtu. Kinywa kilichokuwa kikitamka maneno ndicho kinachofungwa kwa chuma na mbao ili kipulize, kwa hiyo katika kila sekunde ya wimbo lazima achague moja kati ya mawili: aseme au apulize. Mpiga piano anaweza kuimba huku anapiga, na mpiga ngoma pia anaweza, kwa taabu. Yeye hawezi.

Basi nikaanza kusikiliza wanamuziki mashuhuri waliopiga harmonika kwa swali moja tu: kila mmoja wao aliacha kusema mahali gani, na kwa sababu gani?

Kinywa ni kimoja

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika singo ya kwanza ya Beatles, "Love Me Do", iliyotoka Uingereza tarehe 5 Oktoba 1962. Wakati huo John Lennon alikuwa amevutiwa na harmonika ya Delbert McClinton katika wimbo "Hey! Baby" wa Bruce Channel, na alitaka sauti ya namna hiyo katika wimbo wao. Mazoea ya bendi yalikuwa kwamba Lennon ndiye anayeimba peke yake ule mstari wenye jina la wimbo, wengine wakiwa wamenyamaza. Mtayarishaji George Martin akaona tatizo: neno la mwisho la mstari na noti ya kwanza ya harmonika viliangukia mahali pamoja, na mtu mmoja hawezi kufanya vyote viwili. Papo hapo studioni mstari ukahamishiwa kwa Paul McCartney. McCartney amesimulia zaidi ya mara moja kwamba alipatwa na woga, na kwamba hadi leo akisikiliza rekodi ile anausikia mtetemo katika sauti yake.

Nimeisikiliza nami, na nadhani ninausikia, ingawa huenda ninausikia kwa kuwa nimeambiwa upo.

Kinachonivutia ni uamuzi wenyewe. Walikuwa na njia nyepesi zaidi, ambayo ni kuichelewesha harmonika kidogo au kuifuta kabisa. Badala yake waliibakiza harmonika na kumhamisha mwimbaji. Kati ya sauti ya Lennon na pumzi ya Lennon, walichagua pumzi. Harmonika hiyo iliendelea kusikika katika "Please Please Me" na "From Me to You", kisha baada ya mwaka 1964 ikapungua hadi karibu kutoweka. Ninachokisia ni kwamba kwa Lennon ilikuwa alama ya kumtambulisha, kitu cha kumfanya msikilizaji wa redio ageuke, na watu walipokwisha kugeuka haja yake ikaisha.

Jibu hilo halimhusu Stevie Wonder, ambaye hakuiacha hata siku moja.

Kuvuta na kutoa

Niliazima harmonika kwa jirani ili nijue angalau inavyokuwa kinywani. Ilikuwa ile ya kawaida ya matundu 10, ya ukoo wa Marine Band ambayo kampuni ya Hohner ya mji wa Trossingen, Ujerumani, ilianza kuitoa mwaka 1896. Ndani yake mna vilimi 20 vya shaba, viwili kwa kila tundu. Kimoja hulia unapotoa pumzi, cha pili hulia unapoivuta. Akodiani ya taarabu hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo ya vilimi, isipokuwa hewa yake hutoka kwenye mfuko unaopanuliwa na kubanwa kwa mikono, mapafu ya mtu yakiwa hayahusiki.

Hapo ndipo swali la mpwa wangu lilipobadilika sura mbele yangu.

Mpiga zumari akivuta pumzi, sauti hukatika, isipokuwa awe fundi wa kuihifadhi mashavuni. Mpiga tarumbeta vivyo hivyo. Mwimbaji naye huimba kwa pumzi inayotoka, na kuvuta pumzi kwake ni pengo, tena pengo ambalo walimu wa kwaya hutumia nguvu nyingi kulificha. Nusu nzima ya upumuaji wake haina sauti. Harmonika huichukua nusu hiyo iliyokaa bure na kuipa noti. Kwa hiyo mwimbaji anapoacha maneno na kuishika, hapumziki hata kidogo. Anafanya kazi kwa pumzi ya kuingia na ya kutoka, na kwa maana ya kimwili kabisa anaweza kusema kitu ambacho koo lake haliwezi, kwa sababu koo lake haliimbi likivuta.

Wapigaji wa blues, ule muziki wa Wamarekani weusi, walilijua hili kabla ya mtu yeyote kuliandika. Huchukua harmonika iliyotengenezwa kwa ufunguo wa C wakapigia wimbo ulio katika G. Mgeni huona ni kosa, lakini sababu yake ni kwamba katika matundu manne ya mwanzo ukivuta pumzi unapata kodi ya G (noti kadhaa zinazolia pamoja), na hivyo makazi ya wimbo, mahali unaporudi ili utulie, huhamia upande wa kuvuta. Juu ya hilo, katika matundu ya chini ni noti za kuvuta ndizo zinazokubali kupindwa: ukibadilisha umbo la ulimi na koo, kana kwamba unatamka irabu nyingine, noti hushuka taratibu na kuteleza mahali ambapo haina jina. Mtu anayelia kwa kwikwi hutoa sauti palepale anapoivuta hewa ndani, na nadhani ndiyo sababu sauti hiyo huwagusa hata wasiojua neno moja la Kiingereza.

Nilijaribu kuipinda noti. Jirani aliomba harmonika yake irudi.

Lakini nadharia inayopendeza haraka namna hii inastahili kushukiwa, na shaka yangu ya kwanza ilimhusu Stevie mwenyewe. Yeye hutumia hasa harmonika ya kromatiki, yenye kitufe pembeni ambacho ukikibonyeza kila noti hupanda kwa nusu toni. Mwenye kitufe hahitaji kuipinda noti ili apate zile zinazokosekana, na wala hahitaji hila ya C na G. Mbelgiji Toots Thielemans, aliyezaliwa Brussels mwaka 1922 na kuanza utotoni kwa akodiani, aliipiga kromatiki kwa ulaini kiasi kwamba huwezi kubaini ni wapi anavuta na ni wapi anatoa. Ndiye unayemsikia katika muziki wa ufunguzi wa kipindi cha watoto cha Sesame Street. Kwa Thielemans nadharia yangu ya pumzi ya kuingia haina kazi kubwa, kwa maana amezisawazisha pumzi mbili zikawa kitu kimoja. Stevie, ninavyomsikia, hakuzisawazisha. Ana kitufe, na bado anapinda. Anaivuta noti hadi inalalamika wakati angeweza kuipata safi kwa kidole kimoja tu.

Waya shingoni

Bob Dylan alinitia shaka ya aina nyingine. Harmonika ndiyo iliyomfikisha mbele ya watu wa kampuni ya muziki ya Columbia: mwaka 1961 alialikwa kumpigia mwimbaji Carolyn Hester katika nyimbo chache za albamu yake, na mtayarishaji John Hammond, aliyekuwa akisimamia kazi hiyo, ndiye aliyemsainisha. Albamu yake ya kwanza ikatoka Machi 1962, naye akiwa na kile kishikio cha waya shingoni kinachoacha mikono huru kwa ajili ya gitaa.

Kishikio hicho kina gharama yake. Mpigaji wa blues huifunika harmonika kwa viganja, akavifungua na kuvifunga ili sauti itetemeke na kubadilika rangi. Mwenye waya shingoni hana viganja vya kutumia. Sauti yake hutoka uchi, nyembamba, na kwa Dylan mara nyingi hutoka pia kwa ukali unaokaribia makelele. Wapo wanaosema hajui kupiga, na nisingependa kubishana nao kwa muda mrefu.

Ninachokiona kwa Dylan ni kwamba nafasi ile ya harmonika haikuwa yake, ilikuwa yetu. Katika ziara ya mwaka 1966, kwenye nusu ya onyesho aliyoimba peke yake na gitaa lisilo la umeme, aliimba nyimbo ndefu zilizojaa maneno kuliko msikilizaji anavyoweza kubeba, na kati ya beti au mwishoni akapuliza kwa muda mrefu kupita kiasi, akirudia noti chache. Nikiisikiliza sehemu hiyo ndipo mistari iliyotangulia hunirudia na kupata maana. Mwaka 2016 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, maelezo ya tuzo yalitaja ushairi wake na desturi kuu ya wimbo wa Marekani. Harmonika haikutajwa, na sidhani kama ingetajwa, ingawa mimi naihesabu kuwa sehemu ya namna mashairi yale yanavyosomeka.

Baada yake waliofuata ni wengi. Neil Young, alipoumia mgongo akashindwa kusimama na gitaa zito la umeme, aligeukia gitaa kavu na harmonika, na "Heart of Gold" ikawa nambari moja Marekani mwaka 1972. Billy Joel aliifungua "Piano Man" kwa piano na harmonika. Bruce Springsteen huitanguliza kabla ya maneno: "Thunder Road" ya 1975 na "The River" ya 1980 zote zinaanza nayo, kama kwamba msimulizi anakohoa kwanza. Kuhusu mwigizaji Bruce Willis, aliyetoa albamu na kampuni ya Motown mwaka 1987 akiwa na harmonika mkononi, na kuhusu mwanaanga Wally Schirra, aliyepiga wimbo wa Krismasi kwa harmonika ndogo kabisa ndani ya chombo cha Gemini 6A tarehe 16 Desemba 1965, nitasema tu kwamba Schirra ndiye aliyenifurahisha zaidi.

Mtu wa treni

Hadi hapo nilikuwa nikiwafikiria watu wenye chaguo: walikuwa na maneno, wakaamua kuyaweka kando kwa muda. DeFord Bailey aliliharibu wazo hilo.

Alizaliwa Tennessee mwaka 1899, akaugua polio utotoni, na harmonika ikawa mwenza wake akiwa kitandani. Akiwa kijana mweusi mwenye mwili mdogo, alifika Nashville na kuwa mmoja wa nyota wa mwanzo kabisa wa kipindi cha muziki wa kantri katika redio ya WSM. Kipande chake kilichojulikana sana, "Pan American Blues", ni treni: magurudumu, mvuke, honi inayokaribia na kupita, vyote kwa pumzi ya mtu mmoja. Jioni ya tarehe 10 Desemba 1927 mtangazaji George Hay, akipokea kijiti kutoka kwenye kipindi cha muziki wa klasiki, alisema kwa mzaha kwamba baada ya "grand opera", yaani opera kuu, sasa wangesikiliza "Grand Ole Opry". Bailey ndiye aliyekuwa ametoka kupuliza treni yake wakati jina hilo lilipozaliwa, na kipindi kinaitwa hivyo hadi leo.

Wasikilizaji wa redio hawakumwona. Alipozunguka na wenzake wazungu kwa maonyesho katika miaka ya 1930, hoteli na migahawa ya Kusini ilimwona, ikamfungia milango. Mwaka 1941, katikati ya mgogoro wa vyama vya hakimiliki uliozuia nyimbo nyingi zisichezwe redioni, aliondolewa kwenye kipindi. Akaendelea na maisha kwa kung'arisha viatu Nashville. Alifariki mwaka 1982, na jina lake likaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri mwaka 2005.

Sasa nimwambie nani kwamba harmonika ni mahali ambapo mwimbaji anachagua kunyamaza? Redio ile ilifurahia pumzi za Bailey kwa zaidi ya miaka kumi. Treni haina rangi, haidai chakula wala chumba cha kulala. Ninashuku, na siwezi kulithibitisha, kwamba hilo lilikuwa sehemu ya mvuto wake kwa waliomwajiri: mtu mweusi anayesikika kwa mamilioni bila kulazimika kusema chochote.

Lakini nikiisikiliza treni yenyewe siwezi kuiita ukimya.

Nambari moja bila neno

Robo karne baada ya Bailey kuianza treni yake, kijana wa Louisiana aitwaye Marion Walter Jacobs, maarufu kama Little Walter, alikuwa akipiga katika bendi ya Muddy Waters huko Chicago. Magitaa ya umeme yalikuwa yameimeza harmonika. Walter alikishika kipaza sauti cha bei nafuu pamoja na harmonika ndani ya viganja vilivyofungwa, akakiunganisha na amplifaya ya gitaa na kuiongeza hadi sauti ikaanza kukwaruza. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeufanya mkwaruzo huo kuwa sehemu ya noti. Mwezi Mei 1952 alirekodi "Juke", kipande kisicho na neno hata moja, na kikakaa wiki nane katika nafasi ya kwanza kwenye chati ya R&B ya jarida la Billboard. Aliiacha bendi ya Muddy Waters akaongoza ya kwake. Alifariki mwaka 1968 baada ya kujeruhiwa katika ugomvi, akiwa na miaka 37.

Bendi ya Rolling Stones ilipotoa Blue & Lonesome mwaka 2016, jina la albamu pamoja na nyimbo kadhaa zilizomo vilitoka kwake, na mwimbaji wao Mick Jagger, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alipuliza kwa bidii ambayo hakuionyesha kwa miaka mingi katika nyimbo zake mwenyewe. Nimeipenda albamu hiyo kuliko nilivyotarajia. Na bado, ukiiweka "Juke" mara tu baada yake, utasikia tofauti kati ya mtu anayekumbuka kitu na mtu anayekifanya kwa mara ya kwanza.

Mgeni asiyeimba

Namrudia Stevie Wonder, ambaye sasa namsikia kama mrithi wa Bailey na Walter kabla ya kuwa mwenzao Dylan na Lennon. "Fingertips" ilirekodiwa jukwaani katika ukumbi wa Regal, Chicago, mwaka 1962, Stevie akiwa na umri wa miaka 12, na sehemu yake ya pili ilifika nambari moja Marekani mwaka 1963. Maneno yake ni machache: anaita, umati unaitika. Kilichobaki ni harmonika. Anatakiwa ashuke jukwaani, bendi inabadilisha wapigaji, naye anarudi tena jukwaani, na mpiga besi aliyekwisha kuingia kwa ajili ya onyesho linalofuata anasikika akipiga kelele kuuliza ni ufunguo gani. Kwa hiyo kabla ya umma kumjua Stevie kama mtunzi, walimjua kama pumzi. Maneno yalikuja baadaye, na harmonika haikuwa kitu alichokiongeza juu yake.

Hilo hunisaidia kuelewa miaka ya 1980, wakati wanamuziki wenzake walipomwalika. Elton John alimwita mwaka 1983, na Eurythmics mwaka 1985. Fikiria una Stevie Wonder ndani ya studio, na humwombi aimbe. Katika "There Must Be an Angel" Annie Lennox, mwimbaji wa Eurythmics, anaimba kwa sauti inayopanda na kushuka karibu bila kikomo, kisha Stevie anaingia, haongezi neno, anapuliza na kuondoka. Hapo hakuna maneno yake aliyoyaweka kando. Anapumua mahali pa maneno ya mtu mwingine.

Rekodi inayonishughulisha zaidi sasa ni "I Feel for You" ya Chaka Khan, ya mwaka 1984, wimbo uliotungwa na Prince. Ndani yake kuna harmonika ya Stevie akiwa mtu mzima wa miaka 34. Watayarishaji wakaingiza pia vipande vilivyonakiliwa kutoka "Fingertips", na hivyo sauti ya kinywa chake inayosikika ni ya mtoto wa miaka 12 akiupigia kelele umati wa Chicago, wakati mtu mzima anajibu kwa vilimi vya shaba. Nimeusikiliza mara nyingi nikijaribu kuamua ni yupi kati ya hao wawili anayeongoza. Siku hizi naegemea upande wa mtoto, lakini kile kipande cha harmonika cha katikati ya wimbo hunitia mashaka kila kinapoanza.